Kuzisoma Picha za Wanawake katika Matangazo: Mwongozo kwa Wakazi wa Kisiwa cha Mombasa

Tangazo lenye picha ya mwanamke huuza vitu viwili kwa pamoja: bidhaa iliyotajwa, na wazo kuhusu jinsi mwanamke anavyopaswa kuonekana. Bidhaa hulipiwa mara moja dukani. Wazo hubaki, na gharama yake ni kubwa zaidi, kwa kuwa humfanya mtu aanze kuihesabu ngozi yake, tumbo lake au nywele zake kuwa kasoro inayongoja dawa. Anayejua picha hizo zinavyotengenezwa ana nafasi ya kuamua lipi la kununua na lipi la kuliacha lipite.

Kisiwani Mombasa picha hizo hazikai mahali pamoja. Mabango makubwa yako Moi Avenue, Digo Road na kwenye njia zinazoingia kisiwani kutoka Nyali na Makupa. Ndani ya Mji wa Kale vichochoro ni vyembamba mno kwa mabango ya namna hiyo, na tangazo limeshuka hadi usawa wa macho: picha za mabibi harusi kwenye vioo vya saluni, makasha ya krimu kwenye rafu za maduka ya vipodozi, vibandiko nyuma ya tuktuk. Kisha kuna simu, ambayo huingia hadi chumbani, mahali ambapo bango halikuwahi kufika.

Namna ya kuitazama picha moja

Mwanasosholojia Erving Goffman alikusanya mamia ya picha za matangazo na kuzichambua katika kitabu chake Gender Advertisements, kilichotoka mwaka 1979. Aligundua kwamba mpangilio hujirudia. Mwanamume hukaa juu au husimama mbele. Mwanamke huwa chini yake, ameegemea, amelala au ameinamisha shingo. Mkono wa mwanamume hushika kitu na kukitumia, wa mwanamke hukigusa tu au hupapasa uso wake mwenyewe. Macho ya mwanamume hutazama kazi. Ya mwanamke hupotea mbali, kana kwamba hayumo katika jambo linaloendelea. Hakuna lolote kati ya haya linalotokea kwa bahati. Mpiga picha hulipwa kupanga kila kidole.

Kwa hiyo mtazamaji anayetaka kuisoma picha huanza na mikono, kisha macho, kisha kimo. Inafaa pia kuuliza ni sehemu gani ya mwili imekatwa. Tangazo linaloonyesha midomo peke yake, au kiuno bila kichwa, limemgeuza mtu kuwa kipande. Jaribio jepesi ni kumweka mwanamume mahali pa mwanamke katika mkao uleule: akionekana mtu wa kuchekesha au mnyonge, basi mkao huo ulikuwa unasema jambo tangu mwanzo, ila macho yalikwisha kuuzoea.

Swali linalofuata ni kile kilichofutwa. Ngozi ya binadamu ina vinyweleo na vitundu. Viwiko na magoti huwa na rangi iliyokoza kuliko mashavu. Shingo hukunjamana inapogeuka. Picha ambayo haina hata kimoja kati ya hivyo imepitia kompyuta. Ufaransa tangu mwaka 2017, na Norway tangu mwaka 2022, zina sheria zinazowalazimu watangazaji kuandika kwenye picha kwamba umbo la mtu limebadilishwa. Mpita njia wa Mwembe Tayari hawezi kutarajia maandishi hayo. Lazima ayaweke mwenyewe akilini.

Matangazo ya redio yana njia yake. Vituo vya Mombasa, na vya Nairobi vinapotaka kuuza kitu cha anasa au cha mahaba, hupenda sauti ya mwanamke mwenye lafudhi ya pwani, anayesema polepole na kubembeleza. Sauti hiyo imekuwa kinyago kama picha nyingine yoyote, na wasichana wengi wa pwani waliokwenda bara kusoma au kufanya kazi wanajua uzito wake, maana hutarajiwa wawe hivyo kabla hawajafungua kinywa.

Mwisho huulizwa nani anasema. Uchunguzi wa kimataifa wa vyombo vya habari uitwao Global Media Monitoring Project ulikuta mwaka 2020 kwamba wanawake walikuwa asilimia 25 tu ya watu waliozungumziwa au kuhojiwa katika habari. Matangazo yamejaa nyuso zao ilhali taarifa ya habari ina maneno yao machache tu, na pengo hilo lenyewe ni fundisho kwa mtoto anayetazama televisheni.

Kamera ilivyoingia Mvita

Picha za wanawake wa pwani zilianza kuuzwa zamani kuliko inavyodhaniwa. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, meli za abiria zilipokuwa zikitia nanga Zanzibar na Mombasa, studio kama ile ya ndugu Coutinho zilipiga picha na kuchapisha kadi za posta. Wasafiri wa Ulaya walizinunua na kuzituma kwao. Kwenye nyingi ya kadi hizo maelezo hutaja kabila au mji tu. Jina la mwanamke halipo, na haijulikani alilipwa nini wala kama alijua picha yake ingefika wapi.

Inafaa kuziweka kadi hizo kando ya kitabu Wanawake Watatu wa Kiswahili, kilichotayarishwa na Sarah Mirza na Margaret Strobel na kuchapishwa kwa Kiswahili mwaka 1991. Humo Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy, wote wa Mombasa, wanasimulia maisha yao wenyewe: ndoa, kazi, ngoma za lelemama, mafunzo ya wari. Mwalimu wa sekondari anayetaka somo la kipindi kimoja juu ya jambo hili hana haja ya vifaa vingine. Kadi moja ya posta na kurasa chache za kitabu hicho zatosha kuwaonyesha wanafunzi tofauti ya mwanamke anayetazamwa na mwanamke anayesema.

Kamera yenyewe haikuwa na kosa. Ilipokuja mikononi mwa wenyeji, watu waliitumia kujionyesha walivyotaka. Katika miaka ya 1990, wapiga picha wa vibanda karibu na feri ya Likoni walichora mandhari za majumba marefu, ndege na meli, na mteja alichagua asimame mbele ya ipi. Pale aliyelipa ndiye aliyeamua. Katika tangazo anayelipa ni mwingine, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya mitambo.

Sinema za Kihindi, na baadaye kanda za video, zilileta kipimo kingine. Mtafiti Minou Fuglesang alikaa na wasichana wa Lamu na kuandika Veils and Videos, kitabu kilichotoka mwaka 1994, kuhusu namna walivyotazama filamu hizo, wakaiga mitindo ya nywele, nguo na mapambo, na kujadiliana mapenzi na ndoa kwa kutumia hadithi za waigizaji. Hawakumeza kila kitu. Walichagua, walishona upya, walibishana. Hata hivyo sura iliyokuwa ikipendwa kwenye kioo ilikuwa moja: ngozi nyeupe, nywele ndefu zilizonyooka, pua nyembamba. Miaka hiyohiyo kaseti za taarabu za Zuhura Swaleh na Malika zilikuwa zikipigwa majumbani, na wanawake hao walipendwa kwa sauti zao, bila msikilizaji kuhitaji kujua kiuno chao kina inchi ngapi. Tangu wimbo uhitaji video, nafasi hiyo imebanwa.

Mwanamke wa mlangoni na mwanamke wa ufuoni

Matangazo ya utalii wa pwani yanategemea wanawake wawili. Mmoja ni mgeni, amevaa nguo ya kuogelea, amelala kwenye mchanga. Mwingine ni mwenyeji aliyevaa buibui, akipita mbele ya mlango wa nakshi katika Mji wa Kale, mara nyingi kwa mgongo au macho tu yakionekana. Wa kwanza anauza starehe, wa pili anauza ukale. Wote wawili wamewekwa kimya.

Picha ya pili inastahili kukataliwa kwa hoja ya historia. Buibui lilienea pwani mwanzoni mwa karne ya 20. Kabla yake mabibi wa nasaba walitembea chini ya shiraa, hema la nguo lililobebwa na watumwa, na wanawake watumwa hawakuruhusiwa kujifunika namna hiyo. Nguo yao ya kawaida ilikuwa kaniki. Utumwa ulipofutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, wanawake waliotoka utumwani walianza kuvaa walivyokuwa wakivaa wengine, na buibui likawa vazi la wote. Kwa hiyo vazi ambalo brosha huliweka kando ya mlango wa kale kama dalili ya kutobadilika lilikuwa, kwa wanawake wengi wa Mvita, mtindo mpya na tangazo la usawa. Kiongozi wa watalii anayepita Ndia Kuu akielekea Ngome ya Yesu akiwaeleza wageni hilo huwafaa zaidi kuliko akiwaelekeza wapi pa kusimama wapige picha. Anafanya vyema pia kuwaambia kwamba mtu huombwa ruhusa kabla ya kupigwa picha, na kwamba anayegeuza uso amekwisha kujibu.

Kisa cha Halima Aden kinaonyesha kwamba hata anayeingia kwenye matangazo kwa masharti yake anaweza kuyapoteza. Alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, akahamia Marekani, na mwaka 2016 alishiriki mashindano ya Miss Minnesota USA akiwa amevaa hijabu. Mwaka 2019 alitokea katika toleo la nguo za kuogelea la jarida la Sports Illustrated akiwa amevaa burkini, na picha hizo zilipigwa Watamu, pwani hii hii. Wasichana wengi Waislamu walifurahi kuona mtu kama wao. Novemba 2020 alitangaza kuacha kazi hiyo, akieleza kwamba hijabu yake ilikuwa ikibadilishwa kidogo kidogo kwa matakwa ya wengine hadi hakuitambua tena. Msichana wa Mombasa anayeombwa na duka kuvaa nguo zao kwa ajili ya picha za mtandaoni atapata faida akiandikiana nao mapema: nguo zipi, picha zitumike wapi, kwa muda gani, na nani ana neno la mwisho kabla hazijatolewa.

Rangi ya ngozi

Hapa ndipo matangazo yanapodhuru zaidi, kwa sababu yamepanda juu ya jambo lililokuwepo. Pwani ilikuwa na madaraja ya uungwana na utumwa, na rangi iliingizwa katika madaraja hayo. Mabaki yake yako majumbani hadi leo: mtoto mchanga hutazamwa masikio ili ibashiriwe rangi atakayokuwa nayo, na bi harusi husifiwa kwa jinsi “alivyopata rangi”. Mtangazaji hahitaji kuanzisha aibu. Huikuta na kuiwekea bei.

Bei hiyo imewekwa kwa muda mrefu. Krimu ya Ambi ilitangazwa katika magazeti yaliyosomwa na Waafrika, ikiahidi ngozi ya mtu aliyefanikiwa. Fair & Lovely ilianzishwa nchini India mwaka 1975, na matangazo yake yalirudia hadithi moja: msichana mweusi hapati kazi wala mchumba, anapaka krimu, anavipata vyote. Mwaka 2020, baada ya malalamiko ya dunia nzima kuhusu ubaguzi wa rangi, jina lilibadilishwa kuwa Glow & Lovely. Maneno kwenye makasha ya kampuni nyingi yamebadilika vivyo hivyo, na sasa huandikwa kung'arisha, kusawazisha, kuondoa madoa. Mnunuzi asome viambato, asihangaike na jina.

Maneno ya kutafuta nyuma ya kasha, kama yanavyochapwa, ni hydroquinone, mercury, calomel na clobetasol. Zebaki, iwe mercury au calomel, huzuia ngozi kutengeneza rangi yake. Hupenya mwilini, huharibu figo, na humfikia mtoto aliye tumboni. Watu wa nyumba moja na mtumiaji nao hawasalimiki, kwani hubaki kwenye taulo na mashuka. Hydroquinone ikitumiwa muda mrefu inaweza kuleta mabaka meusi ya bluu ambayo ni vigumu kuyaondoa, yaani kinyume cha kilicholipiwa. Clobetasol ni steroidi kali ya kutibu magonjwa ya ngozi chini ya uangalizi wa daktari. Ikipakwa ovyo hufanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi, mishipa ikaonekana, na michirizi ikatokea. Mkorogo, ambao muuzaji huuchanganya mwenyewe na kuutia koponi bila maandishi, huweza kuwa na vyote vitatu kwa mpigo. Kopo lisilo na orodha ya viambato lirudishwe kwenye rafu, hata kama anayeliuza ni jirani wa miaka mingi.

Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja kwa milioni. Kenya nayo imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na hydroquinone, na Shirika la Viwango, KEBS, hukamata shehena zake mara kwa mara. Zinapenya hata hivyo, na bandari ya Kilindini haiko mbali na maduka yanayoziuza. Bidhaa iliyotengenezwa nchini inapaswa kuwa na alama ya ubora ya KEBS na nambari chini yake. Nambari hiyo hutumwa kwa ujumbe mfupi kwenda 20023, ikitanguliwa na herufi SM na alama ya #, na jibu hutaja bidhaa na mwenye kibali. Jibu likitaja kitu tofauti na kilichoko mkononi, alama imeibwa. Bidhaa kutoka nje hubandikwa stika ya KEBS ya bidhaa zilizoagizwa.

Aliyekwisha kutumia krimu hizi kwa miezi au miaka asiache ghafla bila ushauri, hasa zile zenye steroidi, kwa kuwa ngozi inaweza kuwaka, kuvimba na kutoa maji, na wengi hurudia kupaka kwa sababu ya maumivu hayo. Kliniki ya ngozi katika hospitali ya rufaa, kama Coast General iliyoko kisiwani, ndiyo mahali pa kwenda, na kopo lenyewe libebwe. Hakuna aibu katika safari hiyo. Aibu ni ya aliyeuza.

Harusi ndiyo wakati wa shinikizo kubwa zaidi. Desturi ya singo, mchanganyiko wa liwa, maua na manukato anaosuguliwa bi harusi, ililenga kuilainisha ngozi na kuitia harufu nzuri, pamoja na siku za kupumzika na kutunzwa na somo wake. Ni urithi wenye raha na hekima. Ila singo inayouzwa mtandaoni kwa ahadi ya kubadilisha rangi katika siku saba si urithi wa mtu yeyote, na ahadi yenyewe ni sababu ya kutosha kuikataa. Piko pia ina hatari yake: rangi nyeusi ya nywele inapochorwa juu ya ngozi, kemikali yake iitwayo kwa kifupi PPD huweza kuleta malengelenge na makovu kwa wenye mzio. Hina safi huacha rangi ya machungwa hadi kahawia. Ile inayotoa rangi nyeusi papo hapo aghalabu imechanganywa na kitu.

Mpambaji naye ana uamuzi wa kufanya. Uso uliopakwa poda nyeupe kuliko mikono na shingo hutokea kwenye picha kama uso wa mtu mwingine, na bi harusi atakaa na picha hizo maisha yake yote. Poda hujaribiwa kwenye taya, mchana, karibu na dirisha, kabla ya siku yenyewe.

Unene, wembamba na kipimo cha nguo

Kwa muda mrefu mwili mnene ulikuwa dalili ya afya na kutunzwa. Aliyenenepa baada ya ndoa alihesabiwa kuwa amenawiri, na aliyekonda aliulizwa ana nini. Leso, inayonunuliwa doti doti Biashara Street, hufunga mwili wowote bila kuuliza kimo wala kiuno. Dera vilevile. Matangazo yameleta vipimo viwili vinavyopingana kwa pamoja: wembamba wa wanamitindo wa televisheni, na umbo la namba nane la video za muziki, kiuno chembamba juu ya nyonga pana. Mwili mmoja hauwezi kutimiza vyote, na hapo ndipo soko linapopatikana, maana kuna wa kuuziwa chai ya kupunguza tumbo na wa kuuziwa vidonge vya kuongeza makalio, na wakati mwingine ni mtu huyohuyo.

Kisa cha Fiji kinawafaa sana watu wa visiwa. Huko pia mwili wenye nguvu na hamu ya kula viliheshimiwa. Televisheni iliingia katika jimbo la Nadroga mwaka 1995. Anne Becker, daktari na mtafiti wa Marekani, aliwahoji wasichana wa shule mwaka huo na wengine mwaka 1998. Mara ya kwanza hakuna aliyesema alijitapisha ili apungue. Miaka 3 baadaye walikuwa asilimia 11.3. Idadi ya waliohojiwa ilikuwa ndogo, na mambo mengine yalikuwa yakibadilika nchini humo, lakini wasichana wenyewe walitaja waigizaji waliotaka kufanana nao.

Suala la afya lipo kweli, na litenganishwe na suala la sura. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia, na shinikizo la damu na kisukari vinahusiana na hilo. Anayejali hayo hupimwa presha na sukari, hutembea, hupunguza vinywaji vitamu na vyakula vya kukaangwa. Tangazo halipimi presha. Chai nyingi za kukondesha zina sanamaki, ambayo huendesha tumbo na kutoa maji. Mizani hushuka kwa siku mbili na mafuta ya mwili hubaki palepale. Vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kwa kuhesabiwa katika vifuko vya karatasi mara nyingi ni dawa ya mzio iitwayo cyproheptadine, inayoleta usingizi na njaa, au dexamethasone, steroidi inayojaza maji usoni, kupandisha sukari na kudhoofisha mifupa. Zote ni dawa za hospitali.

Simu

Bango ni moja kwa watu wote. Simu humpa kila mtu bango lake. Anayesimama kidogo kwenye video moja ya kupunguza tumbo huletewa nyingine kumi. Mwaka 2021 gazeti la Wall Street Journal lilifichua utafiti wa ndani wa kampuni ya Facebook, ambamo asilimia 32 ya wasichana wa umri wa ujana walisema kwamba walipojisikia vibaya kuhusu miili yao, Instagram iliwazidishia. Kampuni ilijua, na ilikaa nalo.

Vichujio vya picha hupunguza pua, huongeza macho na kuipausha ngozi kabla mtu hajabonyeza kitufe, na mtumiaji huanza kuuona uso wake wa kiooni kuwa ndio wenye kosa. Mzazi anaweza kukaa na binti, wapige picha moja kwa kichujio na moja bila, waziweke kando kwa kando, na mtoto mwenyewe ataje kilichobadilishwa. Zoezi hilo hufanya kazi kuliko kumnyang'anya simu. Kurasa zinazomwacha mtu akijidharau hufungwa, na matangazo ya krimu na vidonge huripotiwa kwa kitufe kilichopo, ili yapungue kuletwa. Wavulana wafundishwe pia, kwa sababu maoni yao chini ya picha ni sehemu ya kipimo.

Na nyumbani, maneno yana nguvu kuliko kioo cha simu. Shangazi anayemsalimu msichana kwa kumwambia amenenepa au amekuwa mweusi amekwisha kumfanyia mtangazaji nusu ya kazi. Salamu ina mengine mengi ya kuuliza.

Ruhusa na malalamiko

Wanawake wa Mombasa wana utaratibu wao wa kulinda picha, na ni mzuri. Katika sherehe ya kupamba, bi harusi hukaa jukwaani mbele ya wanawake peke yao, wageni wamevua mabuibui na kuvaa walivyopenda, na katika harusi nyingi simu huachwa mlangoni au kamera zake hubandikwa. Mpiga picha ni mwanamke anayejulikana. Utaratibu huo hutekelezwa vizuri kadi za mwaliko zinapouandika wazi, wasimamizi wa mlangoni wanapotajwa mapema, na makubaliano na mpiga picha yanapoeleza nani atabaki na faili, lini zitafutwa, na kwamba hakuna picha itakayotumika kutangazia kazi yake bila idhini ya maandishi.

Sheria iko upande huo. Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda faragha katika ibara ya 31, na ibara ya 46 inalitaka Bunge litunge sheria ya matangazo ya haki, ya kweli na yenye heshima. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, picha ya mtu anayetambulika ni data yake binafsi. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliutoza mgahawa mmoja wa Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Saluni inayobandika uso wa mteja kwenye kioo cha mbele kwa sababu tu alipendeza siku hiyo iko katika hali ileile. Idhini ya maandishi huchukua dakika chache: jina, tarehe, picha ipi, itatumika wapi, na haki ya kuiondoa.

Anayekuta picha yake imetumika huanza kwa kupiga picha ya ushahidi, yenye tarehe na anwani ya ukurasa, kisha humwandikia mwenye biashara aiondoe. Akikataa, malalamiko hupelekwa kwa ofisi ya Kamishna, ambayo sheria inaitaka kuyachunguza na kuyamaliza ndani ya siku 90. Picha za utupu au za faragha zikisambazwa, hilo ni kosa la jinai chini ya sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018, kifungo chake ni hadi miaka 2 au faini hadi shilingi 200,000, au vyote viwili, na huripotiwa polisi. Bidhaa iliyodhuru ngozi hupelekwa KEBS pamoja na risiti na kopo lake. Dawa iliyouzwa kama kipodozi au kinenepeshaji huripotiwa kwa Pharmacy and Poisons Board. Kopo lisioshwe kabla ya kupelekwa, na mabaki yaliyomo yasimwagwe.